Chanjo Moja, Damu Mbili

Ukichanjwa halafu ukaugua, utaulizwa swali moja mpaka ulichoke: sasa ilikusaidia nini? Mimi niliulizwa kanisani, nikaulizwa sokoni, nikaulizwa hata msibani kwangu, nimekaa mkekani na kanga kichwani. Naandika haya kwa ajili ya yule anayeulizwa hivyo leo na hana la kujibu. Mimi pia sikuwa nalo. Nitaeleza tu yaliyotupata.

Naitwa Leonida. Nyumbani ni Kanoni, Karagwe, kwenye kibanja cha migomba na kahawa ambacho mume wangu Festo alikirithi kwa baba yake. Mimi ni fundi cherehani, naketi kwenye kibaraza cha duka moja pale Kayanga. Festo alikuwa mkulima, mtu wa maneno machache, na kwa miaka mingi alikuwa akiishi na ugonjwa wa sukari. Tuna binti mmoja, Anitha, na watu wengi wanatuita kwa jina lake.

Chanjo ya korona ilipofika kwetu, wengi waliiogopa. Sisi tulichanjwa kwa sababu ya sukari ya Festo. Daktari wake wa kliniki alikuwa amemwonya kwamba ugonjwa ule ukimkuta hautamwonea huruma. Tulikwenda pamoja, kipindi cha senene, wale panzi wa kuliwa wa mwisho wa mwaka, tukakaa benchi moja, tukachomwa na muuguzi mmoja kutoka kichupa kimoja. Usiku wake mkono wangu uliuma, wake haukuuma. Alinitania kwamba mimi nimepewa dawa, yeye amepewa maji.

Kabla ya sindano, yule muuguzi, jina lake Jovina, alituuliza kama tungependa kuingia kwenye utafiti. Kulikuwa na watafiti waliofuatilia watu wanaochanjwa Karagwe na Kyerwa. Walitaka kuchukua damu kidogo kabla ya chanjo, kisha tena kila baada ya miezi kadhaa, waone kinga inakaa muda gani, na kama itaweza kuzuia kirusi kikija kwa sura nyingine. Maana kirusi hiki, alisema, hakikai na sura moja. Festo alikubali kabla yangu. Alisema kliniki ya sukari imemzoesha kutoa damu, haoni tofauti.

Basi tukawa watu wa kutoa damu. Tulitoa tena mvua za masika zilipoanza. Jovina aliandika majina yetu kwenye vichupa, akatuuliza hali ya nyumbani, akatupa chai. Sikufikiri tena habari ile. Niliona kama tumefunga mlango na tumeondoka na ufunguo.

Aina mpya ya kirusi ilifika wakati wa kuvuna kahawa. Redioni walisema ni kali kwa kuenea kuliko zilizotangulia. Mimi niligundua jikoni. Nilikuwa nimeacha ndizi motoni, nikaenda kuanua nguo, na niliporudi nikamkuta Anitha, aliyekuwa likizo ya chuo, anamwaga maji kwenye sufuria nyeusi, nyumba imejaa moshi. Aliniuliza kama sikusikia harufu. Sikusikia kitu. Niliinama juu ya sufuria nikavuta pumzi. Hakuna.

Kesho yake mifupa ilikuwa kama imepondwa. Niliwaza, nimechanjwa, hii ni malaria. Nilipima malaria, haikuwepo. Kabla homa yangu haijashuka, Festo akaanza kukohoa.

Hospitali ilikuwa imejaa. Walitukalisha nje, kwenye benchi chini ya ukuta, mbali na wagonjwa wengine. Tulikaa tangu asubuhi mpaka kivuli cha jengo kikatuacha, jua likatupata. Mbele yetu palikuwa na ndoo ya maji ya kunawa yenye bomba bovu, linadondosha. Kila mtu pale benchini alikuwa akilitazama lile bomba. Festo alishika magoti yake kwa mikono miwili kama mtu aliyepanda bodaboda njia mbaya. Nilimuuliza kama anajisikia vibaya, akasema anajisikia kuchoka. Alisema hivyo mara kadhaa, bila kuulizwa, na kila mara maneno yalikatika mapema zaidi.

Walipompima kidole kwa kile kifaa cha kupima hewa mwilini, muuguzi hakusema namba. Aliita kitanda.

Tulilazwa wote wawili, yeye wodi ya wanaume kwenye oksijeni, mimi ya wanawake ng'ambo ya pili. Mimi sikuwekewa hewa. Niliishiwa nguvu tu, kiasi kwamba kugeuka ubavu lilikuwa jambo la kupangwa. Nililala nikitazama dari. Mwanamke wa kitanda cha jirani, aliyetoka Nyakasimbi, alikuwa akisali rozari kwa sauti ndogo. Mimi ni Mlutheri, sijui rozari, lakini nilianza kujua zamu ya kila neno lake, na hiyo ndiyo ikawa saa yangu.

Nilipoweza kusimama waliniruhusu kumwona Festo. Nilikaa naye mchana mmoja, nimevaa barakoa na aproni ya plastiki. Asubuhi iliyofuata Jovina alikuja wodini kwetu, akakaa kitandani kwangu, jambo ambalo wauguzi hawakuwa wakifanya siku zile. Sikuhitaji aseme.

Tulimzika kibanjani, upande wa chini, karibu na baba yake. Mimi niliketishwa kwenye kiti kwa sababu nguvu za miguu zilikuwa hazijarudi. Nilisikia majembe, nikasikia kwaya yetu ya kanisani ikiimba bila mimi, na nilikuwa nikiwaza kwamba sauti ya tatu inashuka mno. Sikulia. Watu waliliona hilo. Kwetu mjane asiyelia anasemwa, na mimi nilisemwa. Ukweli ni kwamba sikuwa nimejikaza. Hapakuwa na kitu cha kukaza. Ilikuwa kama ganzi ya kung'olewa jino, ila imeenea mwili mzima na haikuisha jioni.

Mdogo wake Festo, Deusi, anayeishi Nyakasimbi, ndiye aliyeniuliza lile swali kwa mara ya kwanza. Hakuuliza kwa ubaya. Alikaa chini mbele yangu, akainamisha kichwa.

"Shemeji, mlichomwa pamoja," alisema. "Wewe umebaki, kaka ameondoka. Sasa ile sindano ilimsaidia nini?"

Nilimwambia sijui. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyelitegemea jibu hilo, akaondoka kwenda kuwapokea wageni.

Baada ya matanga watu walipungua, kisha wakaisha. Wengine waliogopa nyumba yetu. Aliyekuja kila siku ni Esperansi, mama mwenye asili ya Burundi anayeishi bondeni na kufanya vibarua kwenye vibanja vya watu. Alikuwa akiweka chupa ya uji juu ya jiwe la getini, anaita mara moja, anasubiri mpaka nitoke niichukue, ndipo anakwenda zake. Hakuwahi kuniuliza chochote. Uji ule sikuusikia ladha, lakini niliusikia joto lake ukishuka, na kwa siku nyingi hicho ndicho kitu pekee nilichokisikia.

Mwili ulibadilika polepole. Nywele zilianza kutoka kwa mafungu, nikichana zinabaki kwenye kitana kama za mtu mwingine. Kilima cha kwenda barabarani, ambacho nilikipanda na ndoo kichwani tangu nilipoolewa, nilikipanda nikipumzika kwenye kila mgomba. Harufu iliporudi ilirudi imevurugika. Kahawa ikikaangwa nilisikia nywele zinazoungua. Sabuni ilinuka kama samaki. Kanisani nilirudi kwenye kwaya, lakini nilishindwa kufika mwisho wa mstari mmoja kwa pumzi moja, nikahamia viti vya nyuma.

Anitha alikuwa ameacha chuo kwa muda ili anihudumie. Alifua, alipika, alipalilia. Alikuwa akifanya kazi kwa hasira, anabamiza masufuria. Jioni moja aliacha kuosha vyombo akanitazama.

"Mama, kwa nini hulii?" aliuliza. "Mimi nalia peke yangu humu ndani. Naona kama baba ni wangu tu."

Nilimwita aje akae karibu. Akaja. Nilimshika mkono, nikangoja machozi yaje ili nimpe. Hayakuja. Alikaa kidogo, akarudi kwenye vyombo.

Senene walipokuja tena, mwaka ulikuwa umezunguka tangu tuchanjwe. Jovina alifika nyumbani pamoja na daktari wa utafiti, mama mmoja mtu mzima mwenye sauti ya taratibu. Aliniamkia kwa Kinyambo, lugha yetu, cha kujifunza, nikamjibu, kisha tukaendelea kwa Kiswahili. Alinipa pole. Alieleza kwamba damu tulizotoa masika, mimi na Festo, bado zimehifadhiwa kwenye barafu. Sasa maabara imeweza kukuza ile aina mpya ya kirusi, na wanataka kuikutanisha na damu za watu waliochanjwa, waone ni damu ipi inakizuia na ipi inashindwa. Yangu nilishatoa ruhusa. Ya Festo hawakutaka kuigusa bila kuuliza familia yake.

Nilimwambia nitawaita ndugu.

Walikuja ndugu wa Festo, tukakaa sebuleni. Deusi ndiye aliyesema kwa niaba yao. Alisema mtu akishazikwa amezikwa, haiwezekani sehemu yake iwe inachezewa huko tusikokujua. Alisema walimchoma, akafa, na sasa wanataka kujua kwa nini amekufa, kama mtu aliyekuuzia ng'ombe mgonjwa halafu anaomba ngozi. Wazee waliitikia. Nami nilimwelewa. Kama ningekuwa nasikia kitu wakati ule, huenda ningesikia hivyohivyo.

Lakini sikuwa na hasira wala hofu ya kunisukuma upande wowote. Nilichokuwa nacho ni kumbukumbu ya Festo akinyoosha mkono kabla sijajibu mimi.

"Damu ile aliitoa akiwa hai," niliwaambia. "Aliambiwa ni ya kazi gani, akakubali. Siwezi kumrudisha nyuma kwenye neno lake kwa sababu hayupo."

Deusi alisimama. Alisema basi nimeamua, na kama nimeamua, wao waliitwa kwa ajili ya nini? Alitoka, na hadi masika yalipokwisha hakukanyaga kwetu. Pikipiki yake ilikuwa ikipita barabarani kwenda Kayanga, tunaisikia, haipunguzi mwendo. Mtaani walisema nimeiuza damu ya mume wangu. Niliendelea kushona.

Majibu yalikuja mwishoni mwa mvua. Daktari aliniita hospitali, nikaenda na Anitha. Tulingoja kwenye korido yenye watoto wa kliniki, mmoja akanipa ganda lake la ndizi nimshikie, akasahau kulichukua. Nililishika mpaka tulipoitwa.

Daktari hakuharakisha. Alisema kwa kirusi cha zamani damu yangu ilikuwa na nguvu, ya Festo ilikuwa na nguvu pia, ingawa chini ya yangu. Walipoleta ile aina mpya, yangu ilidhoofika, lakini haikuisha. Haikuweza kunizuia nisiambukizwe, ila yaelekea ilitosha kupunguza makali. Ya Festo ilikuwa karibu haipo. Si kwamba chanjo yake ilikuwa maji. Ni kwamba mwili wenye sukari ya muda mrefu mara nyingi hutengeneza kinga ndogo, nayo hupungua mapema, na kirusi kilipobadilika hapakubaki cha kutosha. Wameona hivyo kwa wengine wenye hali kama yake. Na wale miongoni mwao waliopata sindano ya nyongeza, kinga yao ilipanda tena, hata kwa aina mpya.

Anitha alikuwa amejifunika uso. Mimi niliuliza nilichopaswa kuuliza.

"Angepata hiyo ya nyongeza, angepona?"

Daktari alinitazama. "Sijui, mama. Ukiniuliza kuhusu watu wengi, naweza kukujibu, kwamba wangekufa wachache. Ukiniuliza kuhusu mmoja, siwezi. Ningekujibu ningekudanganya."

Nilimshukuru. Nilimshukuru kweli, kwa sababu tangu msiba kila mtu alikuwa na hakika, wa upande huu na wa upande ule, na huyu aliyesoma kuliko wote hakuwa nayo. Tulitoka nje. Anitha alilia njia nzima hadi stendi, nami nilimshika bega. Kisha nilikwenda kibarazani kwangu, nikamalizia sare ya shule iliyokuwa imebaki mikono.

Nafikiri ni hapa ningekuambia, wewe uliyeugua baada ya kuchanjwa, kwamba sasa swali lile nalijibu. Nasema, kwangu ilisaidia kwa kiasi. Kwa mume wangu ilisaidia kidogo mno, na wakati ule hakuna aliyejua ni kidogo kiasi gani. Baadhi ya watu hawaridhiki na jibu hilo. Wanataka ndiyo au hapana. Siwapi.

Kiangazi kilipoingia, kahawa zikiwa zimeanza kuiva, nilikuwa kwenye cherehani nikasikia pikipiki inazimwa mbele ya kibaraza. Alikuwa Deusi. Alikuwa amekonda. Tulisalimiana, nikampa kigoda. Alizungumza kwanza habari za mvua, kisha bei ya mbolea. Halafu akaniambia kwamba amepimwa, naye ana sukari, kama kaka yake, kama baba yao. Kliniki wamemwambia kuna chanjo ya nyongeza kwa watu wa hali yake. Alikuwa amechanjwa ile ya kwanza kimyakimya, miezi mingi nyuma, bila kumwambia mtu.

Aliuliza kama ningeweza kwenda naye. Nilifunika cherehani.

Jovina ndiye aliyekuwa zamu. Alitutambua, akatazama uso wangu, akasema karibuni. Deusi alikunja mkono wa shati, akageukia dirishani. Lilikuwa jambo la haraka. Kisha tukaambiwa tukae nje kidogo, kama ulivyo utaratibu, waone kama hatapata kizunguzungu. Tulikaa bega kwa bega. Watu waliingia na kutoka. Alikuwa akisugua mkono.

"Shemeji," alisema bila kunitazama, "ule mchana uliokaa naye. Alisema nini?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Wote waliuliza kuhusu sindano.

Nilimwambia alisema machache, kwa sababu ya ile mirija ya oksijeni puani. Aliuliza kuhusu Anitha. Aliomba nimgeuzie mto. Halafu nje mvua ikaanza, ile ya kushtukiza ya kiangazi, ikagonga bati kwa nguvu, naye akafumbua macho akataka kuinuka. Alikuwa ameacha kahawa juu ya turubai uani, yote, imekauka, imebaki kuingizwa ndani. Aliniuliza kama imefunikwa.

Deusi aliacha kusugua mkono.

"Nilimwambia usiwe na wasiwasi," nilisema, "Deusi yuko nyumbani, ameshaifunika. Akasema, basi. Akalala. Hakusema kingine tena."

Siku zile za hospitali Deusi ndiye aliyekuwa akilala kwetu kuangalia nyumba. Aliinamisha kichwa mpaka kikakaribia magoti, akakaa hivyo.

"Nilikimbia," alisema. "Niliangusha sufuria ya maziwa mlangoni. Hata punje moja haikulowa."

"Najua," nilimwambia. "Niliikuta kavu."

Na hapo ndipo, kwenye benchi la watu, mchana kweupe, nilipoanza kulia. Deusi hakuninyamazisha. Jovina alitoka kumwambia kwamba muda wake umetosha, anaweza kwenda, akatuona, akarudi ndani akafunga mlango taratibu.